Mahamri ya Alhamisi na Majina ya Nyoka

Mwanasha, aliyekabidhiwa funguo za stoo nilipostaafu, ameniomba nimpe mawaidha ya kazi. Nilimwambia mawaidha yamo kwenye mwongozo, kile kitabu kinene ambacho kwa miaka mingi kilitusaidia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Akasema huo ameusoma, anataka yale ambayo hayamo. Basi keti, mwanangu, na wenzako wakae. Nina nafasi sasa kuliko nilivyopata kuwa nayo tangu niolewe.

Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi na ngazi yenyewe ilikuwa fupi. Nitaeleza juu ya stoo, juu ya madaktari, na juu ya mguu wa mwanamke mmoja wa Marereni ambao nusura upotee kwa sababu watu wawili wenye miwani hawakusoma karatasi moja. Mmoja wa hao wawili ni mimi.

Siku ya kwanza nilifika hospitali saa moja kasoro, baibui limepigwa pasi mara tatu, nimetoka Mambrui kwa shangazi yangu aliyeniombea dua ndefu utadhani nakwenda vitani. Mkuu wa stoo alikuwa Mzee Kazungu, Mgiriama mwembamba, mkimya, ambaye penseli yake aliivaa shingoni kwa uzi. Kalamu huibwa, alinieleza, lakini penseli ya shingoni haitoki ila na shingo yake. Akaniagiza nihesabu pamba. Nilihesabu upesi, nikamletea jibu, naye akaniuliza nimehesabu zilizopo au zilizoandikwa. Kusema kweli nilikuwa nimenakili kadi ya hesabu. Akanirudisha, na nilipotoka huko rafuni pamba zilikuwa zimepungua mbili.

"Kadi husema inachokijua," akaniambia. "Rafu ndiyo husema ukweli."

Alinifundisha mengi ambayo bado mikono yangu inayafanya hata jikoni kwangu Muyeye. Kinachoharibika mapema kikae mbele. Ukifungua mlango asubuhi, nusa kabla hujawasha taa: unyevu una harufu yake, panya ana yake, na popo ana yake mbaya kuliko zote. Friji ya dawa iguse kwa mgongo wa mkono, kisha ndipo usome kipimajoto, kwani kipimajoto nacho huweza kufa bila kuaga. Mwanangu wa pili anasema mimi ndiye mama pekee Malindi anayepanga unga kwa tarehe. Namwambia ashukuru.

Lakini Mzee Kazungu alinifundisha jambo jingine, na hilo lilitugharimu. Alikuwa ameweka ubao wa mvule uliokingama mlangoni mwa stoo, usawa wa kiuno. Daktari asimame nje ya ubao, aombe, apewe, aende zake. Alisema daktari akiingia stoo hutoka na kitu mfukoni, na asipotoka na kitu hutoka na maoni. Nilicheka sana. Alipostaafu aliniachia penseli na ubao, nami nikavilinda vyote viwili.

Miaka ikapita, madaktari wakaja na kuhamishwa, nikawajua wote kwa miandiko yao kabla ya sura zao. Daktari, Mwanasha, ni mtu aliyesoma sana ambaye anaamini kwamba glavu huota mtini. Akinyoosha mkono azikute. Asipozikuta, basi yuko mtu mbaya mahali, na mtu huyo hukaa stoo. Mmoja alitaka uzi wa kushonea wa aina moja tu, kwa kuwa ndio aliofundishiwa, na ukimpa mwingine anaushika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Mwingine, siku alipohamishwa, tulivuta mtoto wa meza yake tukakuta roli kumi na moja za plasta. Mwezi huohuo alikuwa ameniandikia barua mbili kulalamikia upungufu wa plasta.

Nami sikuwa malaika. Nyuma ya masanduku ya pamba nilikuwa na akiba yangu ya siku ya shida, ambayo haikuandikwa kwenye kadi yoyote. Wao wakificha kwa kuniogopa mimi, mimi nikificha kwa kuwaogopa wao, na mgonjwa katikati akiambiwa hakuna.

Kamati tulikuwa nayo. Mwongozo ulisema madaktari wakae na watu wa stoo, wachague pamoja kinachonunuliwa, na siku ya kikao nilipanga viti kumi. Tukikaa watatu: mimi, karani wa kuandika yaliyosemwa, na feni. Madaktari walituma udhuru. Mmoja alikuwa chumba cha upasuaji, mwingine alikuwa wodini, wa tatu alikuwa chini ya mti mbele ya dirisha letu akila embe, lakini udhuru wake alikuwa ameutuma mapema. Basi ikawa desturi yangu kuzunguka na orodha koridoni kutafuta sahihi. Zilipatikana juu ya magoti, ukutani, na mara moja juu ya boneti ya gari. Na nikiri hapa ambapo sikukiri kazini: sikuchukizwa. Daktari asiyekuja kikaoni hana swali, na kazi isiyo na maswali huisha kabla ya adhuhuri.

Ndipo akaja Daktari Athman, mpasuaji. Wazee wake ni watu wa visiwani, upande wa Lamu, lakini yeye amelelewa hapahapa Malindi, na malezi yalionekana. Hata akija kugomba, alianza na shikamoo. Mwezi wake wa tatu alisimama nje ya ubao wangu, mkononi ana glavu mbili.

Shikamoo Bi Rukia, akasema, nami nikaitikia marahaba. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama glavu hizi zilinunuliwa kwa ajili ya upasuaji au kwa ajili ya kuvua kamba. Zilikuwa kubwa, kweli. Alipozivaa, kila kidole kilibaki na nafasi ya kidole kingine. Nikamjibu kwamba zilichaguliwa kikaoni, kikao alichotuma udhuru, na orodha ina sahihi yake. Hakuamini. Nikamletea faili. Aliitazama sahihi yake kwa muda, akacheka mwenyewe, akasema basi itabidi akuze mikono. Tukacheka sote. Hapo ndipo tungejifunza, lakini kucheka kulitutosha.

Baada ya hapo tukapatana mno, na mapatano hayo ndiyo yaliyotuponza. Kila nilipompelekea orodha, alisema neno moja, nakuamini, akatia sahihi bila kushusha macho. Nililipenda neno lile. Nilikuwa nikirudi nalo stoo nimelibeba kama zawadi.

Mwaka mmoja dawa ya sumu ya nyoka tuliyoizoea ikaadimika. Muuzaji akaniletea nyingine, na sanduku moja la kuonyesha. Nilisoma tarehe ya mwisho, ilikuwa mbali. Nikasoma idadi ya vichupa. Nikasoma inahitaji baridi kiasi gani. Bei yake nayo ilikuwa nafuu. Ndani ya sanduku mlikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane, maandishi yake madogo ya kuumiza macho. Hiyo sikuikunjua. Nilijiambia karatasi hizo ni za madaktari.

Nikamkuta Daktari Athman koridoni, barakoa iko kidevuni, anatoka kwa mgonjwa mmoja anakwenda kwa mwingine. Aliiweka orodha ukutani. Mara hii aliuliza, hilo nimtendee haki. Aliuliza hii ya nyoka ni nzuri? Nikamwambia tarehe yake ni ndefu. Akasema nakuamini, Bi Rukia, akatia sahihi, nami nikarudi zangu nimeridhika.

Kadzo aliletwa asubuhi moja baada ya chai ya saa nne. Alikuwa kibarua wa chumvi huko Marereni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mabega ya kazi. Kazi ya chumvi, kwa asiyeijua, ni kazi ya miguu. Unasimama katika maji makali, unakokota chumvi, unaibeba hadi kwenye lundo, unarudi. Alipokuwa akipita kwenye nyasi za ukingoni alimkanyaga moma, yule nyoka mnene mvivu asiyempisha mtu, akaumwa wayoni. Mumewe akamuua nyoka kwa koleo, akamtia katika gunia la chumvi, akaja naye hospitali. Watu wetu hawaendi kwa daktari bila ushahidi. Alipolifungua gunia pale mapokezi ili aulizwe maswali machache, benchi zote zilibaki tupu, na hata aliyekuja kwa magongo aliondoka bila magongo.

Nikaletewa fomu: dawa ya sumu ya nyoka, vichupa sita. Nilivitoa mimi mwenyewe, nikaandika kwenye kadi, nikapunguza hesabu. Nilijisikia mtu. Hospitali ngapi zingepeleka fomu ile zikajibiwa hakuna? Sisi tunayo, na ina tarehe ndefu.

Ilipokaribia saa saba mchana nilisikia hatua mlangoni. Daktari Athman hakusimama nje ya ubao. Aliinama, akapita chini yake, akaja hadi mezani kwangu. Mkono mmoja ana lile gunia la chumvi, mkono mwingine ana ile karatasi nyembamba, imekunjuliwa. Hakuna daktari aliyewahi kuvuka ubao ule tangu enzi za Mzee Kazungu. Na hakunipa shikamoo.

"Bi Rukia, nyoka huyu unamjua?"

"Moma huyo," nikamwambia. "Hata mtoto wa Mambrui anamjua."

"Basi nitafutie jina lake humu."

Akailaza karatasi mezani, akaweka kidole. Majina yalikuwa ya kitaalamu, akanifasiria moja moja. Walikuwa nyoka wanne. Wote wa Bara Hindi na nchi za huko, na hakuna hata mmoja aliyepata kufika Marereni. Tulikuwa tumemdunga Kadzo vichupa sita vya dawa ya nyoka ambao asingekutana nao ila kwa pasipoti. Ningecheka, kama si yale aliyoniambia kisha: uvimbe umepanda kutoka wayoni hadi unakaribia goti, ngozi inang'aa, vidole vimeanza kuwa vyeusi. Ikifika magharibi bila dawa sahihi, alisema, huenda akalazimika kuukata mguu chini ya goti ili aokoe roho. Alisema hivyo bila kupaza sauti.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana ndicho ninachokionea haya hadi leo. Mwanamke yuko wodini, mguu unakufa, na mimi jambo la kwanza nililolikimbilia lilikuwa faili. Niliifungua orodha ile, nikamwonyesha sahihi yake. Penseli ya Mzee Kazungu ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ile ya glavu.

"Sahihi ni yangu," akasema.

Nilitaka aseme zaidi, anilaumu, nipate la kujibu. Akalifunga faili. Ikabidi nimalizie mwenyewe.

"Na macho yalikuwa yangu, Daktari."

Akaliweka gunia sakafuni. Kisha akatoa simu akaanza kupigia wakubwa wa hospitali nyingine. Alipiga kwa mkurugenzi huyu na yule, akajieleza vizuri, kwa lugha iliyonyooka, na kila mmoja alimjibu alete barua. Alipofika kwa wa nne nilimnyang'anya simu, jambo ambalo halimo katika mwongozo. Nikamwambia wewe nipe jina la moma kama linavyoandikwa kwenye dawa inayofaa, mengine niachie. Akachukua penseli yangu, nikainama kwa sababu uzi ni mfupi, akaandika nyuma ya kadi kwa herufi kubwa. Ulikuwa mwandiko wa kwanza wa daktari ambao nilipata kuusoma bila kuomba msaada.

Nikampigia Furaha. Huyu alikuwa mtunza stoo wa hospitali moja upande wa Kilifi, na alifunzwa na Mzee Kazungu mwaka mmoja nami. Watunza stoo tuna undugu wetu ambao wakurugenzi hawaujui: leo naazima maji ya mishipa kwako, kesho unaazima sindano kwangu, na tunarudishiana bila barua. Furaha hakuuliza habari nyingi. Nilimsikia akifungua friji, akafungua sanduku, na karatasi ikachakarisha. Nikamtajia herufi za lile jina, moja baada ya nyingine, naye akizifuata kwa kidole huko kwake.

"Yuko," akasema. "Msitari wa kwanza. Ninavyo vichupa vinane. Njoo na barafu, dada."

Nilikwenda mwenyewe na gari la hospitali, sanduku la barafu mapajani. Kurudi, tulipofika Gede tukakuta lori limekingama, linashusha saruji dukani. Dereva wetu akapita kando, karibu na vibaraza, watu wakatutukana, wakatutukania hata mama zetu, nami nikawapungia mkono. Njia nzima nilikuwa nimeikunjua karatasi ya dawa ile, nikiisoma. Niliisoma yote, hata maneno ya Kilatini nisiyoyaelewa, nikirudia pale penye jina la moma kama mtu anayehesabu tasbihi. Nililia pia. Sikuwa nikimlilia Kadzo peke yake. Nilikuwa nikilia kwa sababu kazi niliyojivunia maisha yangu yote nilikuwa nimeifanya nusu.

Daktari Athman alikuwa akingoja getini. Kabla hajapokea sanduku alipokea karatasi, akaisoma amesimama juani, kidole msitari wa kwanza. Ndipo akakimbia. Mimi nilibaki na dereva, na mume wa Kadzo akaja akasimama karibu yangu. Aliniita mayo, kama Wagiriama wanavyomwita mama, akaniuliza kama dawa ile ni ya nyoka yuleyule wa guniani. Nikamwambia ni yuleyule. Akauliza kama ile ya kwanza haikuwa. Nikamwambia haikuwa, na kosa ni letu. Alibaki palepale, karibu yangu.

Uvimbe ulisimama chini ya goti jioni ile. Siku zilizofuata ukashuka, taratibu mno kwa roho zetu. Kadzo alipoteza vidole viwili vya mguu. Mguu ulibaki.

Mkurugenzi alitaka maelezo ya nani mwenye kosa. Tukamwandikia barua moja, sahihi mbili, na vichupa vilivyobaki tukamrudishia muuzaji. Kisha Daktari akaja stoo, akasimama nje ya ubao kama zamani, akaniuliza ule ubao wa nini hasa. Nikamweleza habari ya mfuko na maoni. Akasema mifuko yake naweza kuikagua, lakini maoni sasa itabidi niyapokee. Siku ileile tuliung'oa. Seremala akautia miguu, ukawa benchi, na ndilo benchi unalolikalia hadi leo, Mwanasha. Ukiona limepinda kidogo, ni kwa sababu ya daktari wa watoto, ambaye ni mnene.

Kikao tulikihamishia stoo, kila Alhamisi asubuhi. Kuwapata madaktari kulitaka chambo, nami ninajua chambo cha mtu wa pwani. Nilipika mbaazi za nazi, nikabeba mahamri ya moto, nikafungua dirisha lililo upande wa wodi. Harufu ilifanya kazi ambayo barua zangu za miaka hazikuifanya. Alhamisi ya kwanza walikuja sita, wakala, wakanisifu, wakanawa, wakaondoka. Sikuwa nimefungua hata faili.

Alhamisi ya pili mahamri yalikuwa yamefunikwa na kawa, na kawa liko mbele yangu. Nikaeleza sheria. Orodha inasomwa kwa sauti, kila kitu na karatasi yake ya ndani. Stoo inasoma tarehe na idadi, daktari anasoma dawa ni ya nini na kifaa ni cha mkono gani. Anayetia sahihi anaandika kando yake, kwa mkono wake, neno Nimesoma. Kawa linafunuliwa baada ya sahihi ya mwisho. Daktari wa watoto alisema huku ni kutesa watu. Nikamwambia asome kwa haraka.

Msidhani mambo yalinyooka. Ukiwaacha madaktari wachague sindano, wanakuhutubia. Kuna Alhamisi mbaazi zilipoa kwa sababu wapasuaji wawili walibishana juu ya uzi, na ilipodhihirika kwamba nyuzi zote mbili zimetoka kiwanda kimoja, walibishana juu ya rangi ya pakiti. Lakini glavu zilianza kuwatosha. Tuliacha kununua mirija ya aina tatu ambayo hakuna aliyejua nani aliitaka. Na siku moja Daktari Athman alikuja na mfuko, akaumimina mezani: nyuzi, visu, mirija, vyote vya kutoka mtoto wa meza yake. Nikaenda nyuma ya masanduku ya pamba, nikaleta vyangu. Karani aliandika kila kitu kwenye kadi, na kwa huruma yake hakuuliza vilitoka wapi.

Ramadhani ilipofika, kikao kilikuwa bila chambo. Nilipanga viti nikijiambia tutarudi kuwa watatu na feni. Daktari Athman alikuja wa kwanza, midomo mikavu, akasoma orodha nzima kwa sauti mpaka mwisho. Wengine wakafuata. Tangu siku hiyo sikumtania juu ya glavu, kwa muda wa wiki nzima.

Kadzo alirudi baada ya miezi, anatembea, analalamika kwamba kiatu kimoja sasa kinampwaya na duka haliuzi kimoja kimoja. Alikuwa amerudi kazini chumvini, safari hii na mabuti. Alimletea Daktari zawadi, Daktari akaileta kwangu: chumvi ya mawe, nyeupe, imefungwa katika kitambaa. Niliitia katika kopo, na kwa kuwa sijui kukaa na kitu kisicho na kadi, nikaliandikia kadi, nikaliweka rafu ya juu. Kila alipopita Malindi alileta nyingine. Mbaazi zote za Alhamisi zilipikwa kwa chumvi ile. Daktari Athman alikuwa akisema imezidi, wiki nyingine akisema haikukolea, na kila mara nilimwambia akamlalamikie mwenye chumvi. Alikuwa akiendelea kula.

Alhamisi yangu ya mwisho, Mwanasha, ulikuwepo, lakini ulikuwa umeinama unahesabu funguo, hukuona vizuri. Hati ya makabidhiano ilikuwa kurasa nyingi, kila kitu cha stoo kimeorodheshwa. Macho yangu yalikuwa yamejaa na nilitaka niondoke kabla hamjaona. Nikafungua ukurasa wa mwisho, nikatia sahihi, nikaandika Nimesoma.

Daktari Athman akaweka mkono juu ya karatasi.

"Bi Rukia, ukurasa huu unasemaje?"

Nikamwambia unasema vitu vya stoo. Akauliza vitu vipi. Benchi zima likanitazama, na daktari wa watoto, Mungu amsamehe, akalivuta kawa upande wake. Ilikuwa haki yao. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti: mashuka ya plastiki, idadi, mizani, moja, friji, mbili. Chini kabisa, baada ya msitari wa mwisho uliopigwa chapa, palikuwa na msitari wa mkono, kwa herufi kubwa zinazosomeka, kama zile za nyuma ya kadi. Chumvi ya Marereni, kopo moja. Kwenye safu ya tarehe ya kuharibika ameandika, haina. Pembeni, sahihi yake, na neno Nimesoma.

Nilikoma kwenye neno chumvi, nikafuta miwani. Nikaanza msitari upya, maana kilichosomwa nusu hakikusomwa, nikaufikisha mwisho. Ndipo Daktari akafunua mahamri.